Vumbi la Kinyesi cha Popo na Kuku: Maradhi ya Mapafu Yanayofanana na Kifua Kikuu

 

Nia yangu leo ni kueleza juu ya maradhi ya mapafu ambayo wengi wetu hatujapata kuyasikia jina, ingawa chanzo chake hakiko mbali na milango yetu. Maradhi haya hayaletwi na mbu, wala na maji machafu, wala na pumzi ya mgonjwa. Huletwa na vumbi. Tena si kila vumbi, ila lile linalotimka mahali ambapo kinyesi cha popo au cha ndege kimelala siku nyingi juu ya udongo. Madaktari huyaita histoplasmosisi. Jina ni refu, lakini yafaa tulijue, maana mtu akilijua aweza kulitaja mbele ya mganga, na huenda kutajwa huko kukaokoa maisha yake.

Nasema hivi kwa sababu moja. Mgonjwa wa maradhi haya hukohoa, huona homa, hutoka jasho usiku, na pengine hukonda. Mkimtazama, wote mtasema: Ni kifua kikuu. Na kweli mara nyingi sana ni kifua kikuu, kwa kuwa kifua kikuu ni kingi katika nchi yetu. Lakini wako wachache ambao si hicho, nao hupewa dawa za kifua kikuu mwezi baada ya mwezi wasipate nafuu, kwa kuwa dawa ile haiui kitu kilichomo kifuani mwao. Basi tukitazame kitu hicho ni nini.

Kila mtu hapa Nanyamba ajua ukungu. Mwaujua ule unaoota juu ya makopa yaliyoanikwa yasikauke vema, au juu ya ngozi ya kiatu kilichosahauliwa pembeni wakati wa mvua. Uyoga wa porini ni ndugu yake. Jamii hii yote huitwa kuvu. Kuvu si mnyama, wala si mmea kama muhogo au mkorosho. Haina majani wala haitumii mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Hula vitu vilivyokufa na vinavyooza, nayo huzaa kwa kutoa mbegu ndogo mno zinazopeperuka hewani. Mkichukua kopa lenye ukungu mkalipigapiga, mtaona moshi mwembamba ukitoka. Moshi ule ndio mbegu zake.

Ziko kuvu za namna nyingi sana, na zilizo nyingi hazitudhuru. Bila hizo majani makavu yangejaa duniani yasioze, wala mashamba yasingepata rutuba. Lakini iko moja iitwayo Histoplasma ambayo hukaa udongoni, nayo hupenda hasa udongo ulioshiba kinyesi cha popo au cha ndege, maana kinyesi hicho kina chakula kingi kinachoifaa. Hupenda pia kivuli na unyevu. Kwa hiyo makao yake ni mapango yakaliwayo na popo, mashina ya miti yenye uwazi ndani, dari za nyumba zilizoingiwa na popo, magofu, mabanda ya kuku ya zamani, na chini ya miti ambamo ndege hulala kwa wingi miaka na miaka.

Hapa inatupasa kupambanua jambo. Kuku hana maradhi haya. Mwili wa ndege una joto kali kuliko wetu, na kuvu hii haistahimili humo. Kinyesi kibichi kilichoanguka leo si hatari kwa habari hii. Hatari huanza kinyesi kikikaa, kikichanganyika na udongo, na kuvu ikaota ndani yake kama ukungu uotavyo juu ya makopa. Popo ni tofauti kidogo: yeye aweza kuambukizwa, na kuvu ikatoka pamoja na kinyesi chake, hata akaipeleka kutoka pango moja hadi jingine. Lakini hata kwa popo, kitu kinachomdhuru mwanadamu ni lile vumbi.

Sasa vumbi hilo huingiaje mwilini, na hufanya nini? Chukueni rula ya shule mtazame milimita moja. Igawanyeni kwa fikira katika sehemu 1,000. Mbegu ndogo za kuvu hii zina upana wa sehemu 2 hadi 5 tu. Jicho haliwezi kuziona. Mtu akifagia banda kavu, au akachimbua samadi ya zamani kwa jembe, mbegu hizo hupaa hewani naye huzivuta puani. Vumbi nene hunaswa na vinyweleo na kamasi za pua, bali mbegu hizi ni nyembamba hata hupita zikafika mwisho kabisa wa mapafu, kwenye vile vifuko vidogo ambamo damu hupokea hewa.

Zikifika humo hufanya jambo la ajabu. Huko nje, katika ubaridi wa udongo, kuvu hii huota kama nyuzi, mfano wa utando. Ndani ya mwili wetu, penye joto la nyuzi 37, hubadili umbo ikawa chembe za mviringo zizaazo kwa kuchipua, kama hamira. Damu yetu ina askari wake, nao huja mara wakazimeza chembe hizo. Lakini badala ya kufa, chembe huendelea kuishi ndani ya tumbo la askari aliyezimeza, zikazaa humo, na askari yule akazichukua bila kujua mpaka sehemu nyingine za mwili. Mwili wenye nguvu, baada ya majuma machache, hujifunza kuwapa askari wake silaha bora, nao huzishinda. Mwili dhaifu hauwezi.

Kwa hiyo watu wengi waliovuta mbegu kidogo hawaoni neno lo lote, au huona mafua ya siku chache wasiyakumbuke tena. Huenda mtu akaniuliza: Je, babu zetu hawakufuga kuku? Hawakuingia mapangoni? Mbona hawakufa wote? Jibu ni hilo. Wengi huambukizwa wakapona bila kujua. Mambo mawili ndiyo yanayoamua: wingi wa vumbi lililovutwa, na nguvu za mwili uliolivuta.

Aliyevuta vumbi jingi huanza kuugua baada ya siku 3 hadi 17. Huona homa na baridi, kichwa kuuma, kikohozi kikavu, maumivu ya kifua, viungo kulegea na uchovu mkubwa. Wengi hupata nafuu baada ya majuma kadha. Lakini kwa mtu ambaye mapafu yake yamekwisha kuharibika kwa tumbaku au kwa maradhi mengine, kuvu yaweza kukaa kifuani miezi mingi ikatoboa mapafu, nayo ndiyo hali inayofanana na kifua kikuu kuliko zote. Na kwa mtu mwenye UKIMWI asiyetumia dawa, au anayetumia dawa zinazopunguza nguvu za mwili, au mtoto mchanga, au mzee sana, yaweza kuenea mwili mzima: katika ini, wengu, mifupa, hata ubongo. Hali hiyo isipotibiwa huua.

Jambo moja la faraja ni hili: maradhi haya hayatoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Kikohozi cha mgonjwa hakiambukizi. Hakuna haja ya kumtenga, wala kumpa sahani yake peke yake, wala kumwogopa. Lakini angalieni: neno hili ni kweli pale tu daktari alipokwisha hakikisha kwamba si kifua kikuu, maana kifua kikuu huambukiza.

Habari ya kugunduliwa kwake yaonyesha jinsi yanavyoweza kuwahadaa hata wenye elimu. Katika mwaka 1905 Wamarekani walikuwa wakichimba mfereji wa Panama, na maelfu ya vibarua kutoka visiwani walikuwa kazini. Kibarua mmoja kutoka kisiwa cha Martinique alikufa, na daktari aliyeitwa Samuel Darling akaupasua mwili apate kujua sababu. Mapafu yalikuwa yamejaa vipele vidogo vidogo, mfano wa kifua kikuu kabisa. Darling alipotazama kwa hadubini hakuona vijidudu vya kifua kikuu, bali chembe ndogo ndani ya askari wa damu. Akadhani ni vijinyama. Mwaka 1912 mtaalamu wa Brazil, Henrique da Rocha-Lima, alisema kwamba zile si wanyama bali ni kuvu. Mwaka 1934 kuvu hiyo ikaoteshwa na kuthibitishwa, na mwaka 1949 Chester Emmons wa Marekani akatangaza kwamba ameipata katika udongo.

Katikati ya miaka hiyo palikuwa na fumbo jingine. Madaktari wa Marekani walikuwa wakiona, katika picha za kifua, makovu magumu kama chokaa ndani ya mapafu ya watu wazima wasio na ugonjwa wo wote. Desturi ilikuwa kusema kwamba kila mwenye makovu hayo alipata kuugua kifua kikuu. Lakini wengi wao walipopimwa ngozi kwa kipimo cha kifua kikuu, hawakuonekana kuwa nacho. Mwaka 1945 ikajulikana kwamba wengi wa watu hao walikuwa wameambukizwa Histoplasma zamani, wakapona, na makovu yale yalikuwa alama ya vita iliyokwisha. Basi tangu mwanzo maradhi haya yamevaa nguo za kifua kikuu.

Pengine mtasema: Hayo ni mambo ya Marekani, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Kaskazini ya mji wa Tanga, si mbali, yako mapango ya Amboni, mapango makubwa ya mawe ya chokaa ambamo hukaa popo wengi. Mwaka 1960, nchi ilipokuwa bado ikiitwa Tanganyika, wataalamu watatu, Libero Ajello, P. E. C. Manson-Bahr na J. C. Moore, walitangaza kwamba kuvu ya Histoplasma imo katika mapango hayo. Basi twajua kwa hakika kwamba kuvu hii ni mwenyeji wa nchi yetu. Huko Afrika ya Kusini nako, katika miaka ya 1950, watu waliopenda kutembea mapangoni waliugua kifua, hata madaktari wakayaita maradhi ya pango.

Wala si mapango tu. Mwaka 2011 wanafunzi wa elimu ya viumbe, waliotoka nchi mbalimbali, walikuwa katika msitu wa mvua nchini Uganda. Huko waliona mti mkubwa wenye shina lililo wazi ndani, wakaingia watazame, na ndani mlikuwa na popo. Waliporudi makwao wengi wao wakashikwa na homa na kikohozi, na ilipochunguzwa ikaonekana kwamba ni histoplasmosisi. Hao walikuwa vijana wenye afya njema. Sisi wa pwani tunayo mibuyu, na wenye kuijua mibuyu wajua kwamba mingi ina uwazi ndani, na popo hupenda kukaa humo. Watoto nao hupenda kuingia humo wacheze.

Ushuhuda ulio karibu nasi zaidi ulitangazwa mwaka 2012. Wataalamu walichunguza wagonjwa 970 waliolazwa hospitali kwa homa katika Tanzania ya kaskazini. Walipopima baadaye waliona kwamba 9 kati yao yumkini walikuwa na histoplasmosisi. Tisa katika 970 si wengi, nanyi msiogope kupita kiasi. Lakini tazameni jambo hili: katika hao 9, watu 7 walikuwa wamehesabiwa kuwa na kifua kikuu au kichomi cha kawaida. Watu 6 walikuwa na vijidudu vya UKIMWI. Mwaka 2022 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa orodha ya kuvu zinazopasa kuangaliwa zaidi duniani, nalo liliiweka Histoplasma katika kundi la zile zenye uzito mkubwa. Iko pia namna nyingine ya kuvu hii, inayoonekana hasa katika Afrika, ambayo mara nyingi hutokeza katika ngozi na mifupa kwa vidonda na vivimbe kuliko katika mapafu.

Sasa tuje nyumbani. Katika vijiji vyetu juu ya uwanda wa Makonde, na kushuka mpaka Mto Ruvuma na pwani ya Mikindani, kila kaya ina kuku. Nyumba nyingi, na madarasa, na makanisa na misikiti, zina popo darini. Iko kazi nne ambazo hutimua vumbi hili: kufagia banda la kuku lililokaa muda mrefu, kuchimbua samadi ya kuku ili kuipeleka kwenye bustani ya mchicha, kufungua dari au kuezua paa la nyumba yenye popo, na kubomoa banda au ghala kuukuu. Kazi hizo tutaendelea kuzifanya, maana kuku ni mali na samadi ni chakula cha bustani. Shauri langu si kuziacha, bali kuzifanya kwa njia nyingine.

Njia yenyewe yaweza kusemwa kwa maneno manne: Maji kabla ya ufagio. Kitu kilicholowa hakitimki. Nyunyizeni maji polepole juu ya kinyesi na udongo mpaka vilowane vema, kisha vikwangueni kwa beleshi, mvitie katika gunia au ndoo vingali na unyevu. Msimwage maji kwa nguvu, maana maji yenye kasi nayo huinua vumbi. Pakikauka kazini, nyunyizeni tena. Samadi ikifika bustanini, ifukieni chini ya udongo ingali mbichi, msiirushe juu ikiwa kavu na upepo unavuma.

Najua mtakalonijibu. Mtasema: Mwalimu, uwandani hapa maji ni haba, nawe watuambia tuyamwage bandani! Ni kweli. Mwenye kujitwika ndoo kutoka mbali hawezi kuambiwa amwage maji ovyo. Lakini kazi hii haihitaji maji safi. Maji yaliyofulia nguo, au yaliyooshea vyombo, yatosha kabisa, na banda dogo halimalizi hata debe moja. Tena yako majira. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka zikaendelea mpaka mwezi wa nne au wa tano. Aliye na banda lisilo na paa imara, au samadi iliyorundikwa nje, na angoje mvua zilowanishe rundo lake, ndipo alichimbue. Asiichague miezi ya kiangazi, wakati kila kitu ni kikavu na upepo ni mwingi. Na afadhali zaidi ni kusafisha banda mara kwa mara, kila juma, kabla kinyesi hakijapata kulala na kuota ukungu. Banda lisafishwalo kila juma halina hatari kama lile lisafishwalo mara moja kwa miaka mitatu.

Wengi hudhani kwamba kufunga pua kwa pembe ya kanga kwatosha. Hakutoshi. Nguo huzuia vumbi nene, lakini mbegu ndogo hupita katika nyuzi zake kama dagaa wapitavyo katika wavu wa papa. Ziko barakoa zilizotengenezwa kwa ajili ya vumbi jembamba, zinazokaza usoni pande zote, nazo huitwa N95. Fundi ambaye kazi yake ni kufungua dari za nyumba kuukuu yampasa kuwa nayo. Asiye nayo ategemee maji, wala asijidanganye kwa kitambaa. Na kila mtu akimaliza kazi avue nguo zake nje, azifue, na kuoga, asiingize vumbi lile ndani wanamolala watoto.

Neno moja kwetu sisi walimu. Ni desturi ya shule nyingi kuwapa wanafunzi kazi ya usafi, na pengine huambiwa: Nendeni mkafagie ile stoo ya zamani. Ikiwa stoo ile ina popo, na sakafu yake imefunikwa na kinyesi kikavu, tusiwatume watoto kabisa. Kazi hiyo ni ya watu wazima wenye afya, wenye maji na vifaa. Hali kadhalika mtu mwenye UKIMWI, mwenye mimba, mzee dhaifu, na mwenye pumu au kifua kibovu, wasifagie banda kuukuu wala kusimama karibu vumbi linapotimka. Jirani mwema atawafanyia.

Na popo wenyewe? Baadhi ya watu wakisikia habari hii watataka kuwachoma moto au kuwatilia sumu. Msifanye hivyo. Popo wale wadogo hula wadudu wengi sana kila usiku, na popo wakubwa wa matunda hutawanya mbegu za miti na kuchavusha maua ya mbuyu. Tena popo waliokufa darini huleta uvundo na maradhi mengine, wala kinyesi chao hakiondoki kwa kuwaua. Njia bora ni kungoja jioni watoke kutafuta chakula, kisha kuziba matundu wanamopitia ili wasirudi. Lakini tazameni kwanza kama wana watoto wasioweza kuruka. Ikiwa wanao, ngojeni wakue. Wakisha hama, ndipo mnyunyize maji na kusafisha. Ikiwa kinyesi kimejaa darini kwa kina kikubwa, kama ilivyo katika majengo ya zamani, mwiteni bwana afya atoe shauri kwanza.

Kuhusu mapango na mashina ya mibuyu, wafundisheni watoto wasiingie penye popo. Na anayetaka mbolea ya popo kutoka pangoni ajue kwamba anaingia mahali ambapo vumbi hili lina nguvu kuliko mahali pengine pote.

Mwisho nataka kunena juu ya mgonjwa. Mtu akishikwa na homa na kikohozi kisichokwisha, na aende zahanati au hospitali mapema. Apimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, maana ndicho kinachopatikana mara nyingi zaidi. Lakini pamoja na kueleza maumivu yake, na aeleze pia kazi zake: Nilisafisha banda la kuku majuma mawili yaliyopita. Nilibomoa nyumba yenye popo. Niliingia pangoni. Daktari hana macho ya kuona ulikokuwa. Wewe ndiwe mwenye habari hiyo. Usipomwambia hatauliza, kwa kuwa wagonjwa wa kifua ni wengi na maradhi haya ni machache.

Viko vipimo vya kuyatambua: kutazama kwa hadubini kipande cha mwili au uboho wa mfupa, kuiotesha kuvu katika maabara, jambo linaloweza kuchukua majuma mengi, na kipimo cha mkojo kinachoonyesha alama za kuvu upesi zaidi. Si kila hospitali ina vipimo hivyo, lakini daktari aliyekwisha shuku aweza kumpeleka mgonjwa mahali vinapopatikana. Dawa ziko. Mgonjwa asiye na hali mbaya hupewa vidonge viitwavyo itrakonazoli. Aliye mahututi huanza kwa dawa ya mshipani iitwayo amfoterisini B, kisha akaendelea na vidonge. Matibabu yaweza kuchukua majuma, au miezi, hata mwaka mzima, naye asiache kwa sababu ameona nafuu. Yampasa pia kumwambia daktari dawa nyingine zote anazokula, kwa maana rifampisini, ambayo ni mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huipunguza nguvu itrakonazoli.

Tena naonya kwa mkazo: asitokee mtu aliyesikia maneno haya akaacha dawa zake za kifua kikuu kwa kudhani kwamba yeye ana maradhi ya popo. Kufanya hivyo ni kujiua, na ni kuwaambukiza watoto wake. Anayetumia dawa hizo na haoni nafuu arudi kwa daktari yule yule aliyempa, amweleze, na kumwuliza kama yumkini ni kitu kingine. Kuuliza si utovu wa adabu. Daktari mwema hufurahi kuulizwa.

Basi, ndugu zangu, kesho asubuhi wengi wenu mtashika ufagio. Kabla ya kuingia bandani, chukueni kwanza kopo la maji ya kufulia. Na ninyi wanafunzi mnaosoma kijitabu hiki, wasomeeni nyumbani wazee wasiojua kusoma, hasa yule mwenye banda kuukuu na yule ambaye kikohozi chake hakikwishi.